Kipoyi na Kitanda cha Mgonjwa: Desturi ya Kusindikiza Wagonjwa Mahututi katika Milima ya Masisi

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya kutawazwa kwa Mwami, juu ya ngoma na juu ya kilio. Mambo hayo ni mazuri na yanastahili kuandikwa. Lakini kati ya ndoa na kilio kuna kipindi kingine ambacho waandishi wetu wanakiruka: ile miezi, pengine ile miaka, ambayo mtu analala kitandani na jamaa zake wanajua kwamba hatapona. Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuishi kipindi hicho. Walikuwa na chombo chake, na sheria zake, na maneno yake. Makala hii inajaribu kueleza desturi hiyo katika milima ya Ngungu na nchi jirani za Masisi na Walikale, jinsi ilivyobadilishwa na ukoloni, dispansari na vita, na pia kitu gani ilikosa. Maana ilikosa kitu kikubwa, na tusipokisema tutakuwa tunawasifu wazee bure.

Njia za milima na sheria ya kilima

Ngungu iko juu, katika milima ya kusini ya teritwari ya Masisi, karibu na mpaka wa Kalehe. Kutoka huko kwenda ziwani, upande wa Bweremana, Kirotshe au Minova, ni mtelemko wa matope wakati wa mvua na wa mawe wakati wa jua. Upande wa Walikale ni msitu, na vijiji vingi vinafikiwa kwa miguu tu. Katika nchi ya namna hii mgonjwa asiyeweza kutembea hana gari, ana watu. Ndiyo maana historia ya kutunza wagonjwa kwetu inaanzia kwenye kipoyi.

Kipoyi ni miti miwili mirefu, iliyounganishwa katikati kwa mkeka, matete au kamba zilizosukwa, na juu yake bulangeti na kikwembe. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma tayari kupokea, na usiku mmoja anatangulia na taa. Wanaosema Kinyarwanda wanakiita ingobyi, na neno hilohilo ndilo la ngozi au kitambaa ambacho mama anambebea mtoto mgongoni. Mtu anaanza maisha akibebwa na mama yake, na akiugua sana anabebwa tena na jirani zake. Kwa watu waliolitumia jina hilo, kubebwa hakukuwa aibu.

Sheria yake ilikuwa rahisi. Mgonjwa akishindwa kutembea, watu wa nyumba yake wanaita, na kila nyumba ya kilima inatoa mwanaume mwenye nguvu. Asiyekuja bila sababu anatozwa faini, mara nyingi pombe ya mtama au kasiksi, nayo inanywewa na wale waliobeba. Akiendelea kukataa, siku ya taabu yake watu wanakumbuka. Wanawake hawakuwekwa kwenye miti ya kipoyi, lakini kazi yao haikuwa ndogo: kupalilia shamba la mgonjwa, kulisha watoto wake, na kumfuata njiani na chakula na maji.

Desturi hii si ya kwetu peke yetu. Rwanda wanayo. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, Bakiga wanakiita chombo hicho engozi, na vyama vyao vya engozi viliendelea mpaka kuwa vyama vya akiba: wanachama wanachanga pesa kidogo kidogo, na mwenye mgonjwa anakopeshwa. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba kipoyi kinafuata ujirani zaidi kuliko ukoo, juu ya sababu moja ya wazi: mtu akizidiwa saa nane za usiku, anayeweza kufika ni yule wa nyumba ya pili, si shemeji wa mbali. Katika Masisi jambo hili lilikuwa na uzito wake. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzileta huku kwa mpango ulioitwa MIB, na vilima vingi vikawa na watu wa lugha mbili au tatu. Jirani wa kukubeba aliweza kuwa Muhunde, Mutembo, Muhutu au Mututsi.

Kipoyi cha bwana mkubwa

Jina kipoyi lenyewe lina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Ni neno lilelile ambalo kwa Kifaransa cha ukoloni liliandikwa tipoye. Wakati wa Dola Huru ya Kongo (1885–1908), na kwa miaka mingi chini ya Kongo ya Wabelgiji, maafisa na wageni wengine wakubwa walisafiri wakiwa wamekaa kwenye kiti kilichofungwa katika miti miwili, wakibebwa mabegani na watu weusi. Picha za zamani zinaonyesha jambo hilo wazi: bwana amekaa na kofia yake nyeupe, chini yake watu wanne au zaidi wanatoka jasho. Wabebaji hao hawakuwa kwenye zamu ya ujirani. Walitolewa kijijini kwa amri, kama vile watu walivyotolewa kubeba mizigo.

Barabara na magari vilipofika, mzungu alishuka kwenye kiti. Jina halikuondoka naye. Watu walilibakisha, wakalipa kitanda cha mgonjwa. Leo katika Kivu ukisema kipoyi, mtu wa kijijini hafikirii mzungu hata kidogo. Anafikiria mama mjamzito aliyeshindwa kuzaa, au mzee anayepelekwa ziwani. Kazi ya mabega ni ileile na miti ni ileile. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alibebwa kwa nguvu ya amri, na huyu wa pili anabebwa juu ya kuwa kesho yeye au mtoto wake atabeba.

Chumba cha mgonjwa

Mara nyingi kipoyi kilirudi na mgonjwa hai ambaye hakupona, au hakikutoka kabisa kwa sababu hapakuwa na pa kumpeleka. Basi kazi ilihamia nyumbani.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba mgonjwa haachwi peke yake, mchana wala usiku. Alilazwa karibu na moto, mahali ambapo anasikia watu wakiongea na watoto wakicheza, wala hakufichwa chumba cha nyuma. Mabinti na wakwe walishika zamu. Wamama wazima walikuwa na ujuzi ambao hawakuujifunza shuleni. Walimgeuza mgonjwa upande huu na upande ule ili ngozi isioze. Kifua kikimbana, mtu alikaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, ili apumue akiwa ameinuka. Walimpa uji mwepesi kidogo kidogo, na wenye ng'ombe walimpa maziwa au mashanza. Walimpaka mafuta ya ng'ombe, wakamwogesha kwa maji ya vuguvugu, wakambadilishia majani au nguo alizolalia. Mubirizi, lile jani chungu, ulitumika kwa homa na tumbo, na muravumba kwa kikohozi. Muuguzi wa leo akisoma orodha hii atakubali sehemu kubwa. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya masaa machache, kumwinua anayepumua kwa shida, kutomlazimisha kula mtu anayekaribia mwisho: hayo ndiyo yanayofundishwa hata sasa.

Kanuni ya pili ilihusu maneno. Wazee hawakumwambia mtu usoni kwamba atakufa. Lakini pia hawakumdanganya. Walikuwa na maswali yao. “Muzee, unataka tumuite nani?” Mgonjwa aliyesikia swali hilo alielewa, na alipewa nafasi ya kujibu au ya kunyamaza. Akijibu, aliyeitwa alitafutwa hata kama yuko mbali. Ndipo mambo yaliwekwa sawa: ng'ombe aliyekopeshwa yuko kwa nani, mpaka wa shamba uko wapi, nani atalea watoto wadogo, na ugomvi gani umalizike. Mashahidi walikuwepo, na usia uliosemwa hapo ulikuwa na nguvu. Kesi mingi za mashamba tunazoziona leo zinatoka kwa watu waliokufa bila kuulizwa swali hilo.

Kanuni ya tatu ni ile ya kuamkia mgonjwa. Hakuna aliyekuja mikono mitupu, lakini hakuna aliyeleta kikubwa: kuni, ndizi, maziwa kidogo. Kwa njia hiyo nyumba yenye mgonjwa wa mwaka mzima haikuanguka.

Mambo mawili yaliyoharibu

Nimesema hatutawasifu wazee bure. Desturi hiyo ilikuwa na mabaya mawili ambayo yanaendelea mpaka leo.

La kwanza ni karuho. Katika Kivu yote, mtu akikonda pole pole, akitapika, akivimba tumbo, au akikohoa miezi mingi, watu wanasema amepewa karuho, yaani sumu. Anatafutwa aliyempa. Mara nyingi anaonekana ni jirani, au mke mwenza, au mama mjane asiye na wa kumtetea. Mgonjwa anapelekwa kwa waganga wanaomtapisha na kumharisha, na mwili uliokuwa na nguvu kidogo unaishiwa kabisa. Mbuzi zinauzwa, kisha ng'ombe, kisha shamba. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu ambacho kina dawa, au sida, au kanseri ya tumbo au ya ini. Kanseri haimchagui mtu kwa uadui wala kwa umaskini. Lyn Lusi, aliyeanzisha pamoja na mume wake hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, alikuwa na waganga wa kila aina karibu naye, na kanseri ilimuua mwaka 2012. Karuho inavunja kilekile ambacho kipoyi kinajenga: inamgeuza jirani wa kubeba kuwa jirani wa kushitakiwa.

La pili ni maumivu. Wazee waliweza kukaa na mtu mwenye maumivu, lakini hawakuweza kuyaondoa. Mitishamba ilisaidia homa na kikohozi. Kwa mfupa ulioliwa na kanseri haikufaa kitu. Kwa kuwa dawa haikuwepo, watu waliunda maadili ya kuivumilia hali hiyo: mwanaume halii, mwanamke anauma kikwembe, Mungu anajua. Maadili hayo yalikuwa na faida wakati hapakuwa na njia nyingine. Leo njia ipo, na kuyaendeleza ni kumwongezea mgonjwa mzigo.

“Wamemurudisha ku nyumba”

Dispansari za misioni na za serikali zilipoingia katika Kivu, hazikuja kwa ajili ya mtu anayekufa pole pole. Zilikuja kupambana na ndui, malale, buba na malaria, na kuhakikisha watu wa mashamba makubwa wanaweza kufanya kazi. Zilifanya mema mengi. Lakini kipimo chao kilikuwa kupona. Aliyepona alihesabiwa, asiyeweza kupona hakuwa na kitanda.

Baada ya uhuru mpango uliendelea hivyo. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone za afya 306, ambazo leo ni 519, kila moja na hospitali yake ya rufaa na vituo vyake. Kwa karatasi ni mpango mzuri, na nchi nyingi za Afrika ziliutazama kama mfano. Tatizo ni kwamba mshahara wa serikali ulipopotea, mgonjwa ndiye aliyebaki kulipa. Sote tunajua yanayotokea. Mgonjwa analipia fishi, analipia maabara, analipia sindano, na gadimaladi wake analala chini ya kitanda na kupika nje kwenye mawe matatu. Pesa ikiisha anazuiliwa kwa deni. Na siku ambayo muganga anaona hakuna la kufanya, anaandika ruhusa, na habari inapanda mlimani kabla ya mgonjwa mwenyewe: “Wamemurudisha ku nyumba.”

Maneno hayo matatu ndiyo kiini cha makala hii. Kwetu yana maana moja tu, kwamba matibabu yamekwisha. Mgonjwa anarudi bila karatasi ya kueleza atapata nini usiku maumivu yakipanda, bila dawa isipokuwa parasetamoli, bila mtu wa kumpigia simu. Familia inabaki na hisia kwamba imeshindwa, na mtu akihisi ameshindwa anarudi haraka kwenye mazungumzo ya karuho.

Vita na kilima kilichotawanyika

Halafu vita. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalianzia Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika Goma na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ndani ya majuma machache. Zikafuata vita vya 1996 na 1998, kisha CNDP, kisha M23 ya 2012, na M23 tena tangu mwisho wa 2021. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilianguka, na mwezi uliofuata watu waliokuwa katika kambi za pembeni ya mji walilazimika kuziacha. Milima ya Ngungu ni kati ya ile iliyokimbiwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mara nyingi tunahesabu waliouawa kwa risasi. Hatuhesabu waliokuwa kitandani siku ya kukimbia. Risasi zikilia, nyumba yenye mgonjwa mahututi inabaki na dakika chache za kuamua: kumbeba na watoto wachelewe, au kumwacha na maji na chakula karibu yake na kutumaini. Wengi walibeba, na wengi walishindwa, maana kipoyi kinataka watu wanane na wanane hao walikuwa wanabeba watoto wao. Wazazi waliobaki mlimani peke yao kwa namna hiyo ni wengi, na watoto wao hawapendi kuulizwa. Tusiwaulize kwa kulaumu. Sheria ya kilima ilihitaji kilima chenye watu.

Kambini mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Jirani wa kushoto ametoka Ngungu, wa kulia ametoka Kitshanga, na hakuna orodha ya zamu. Hema ni dogo, lava ni kali, mgonjwa hawezi kugeuzwa bila kumkanyaga mtoto. Mashirika ya kibinadamu yalitibu majeruhi, kipindupindu, surua na bwaki, na yanastahili shukrani. Madaktari Wasio na Mipaka, kwa mfano, walianza kusaidia hospitali ya Masisi mwaka 2007. Lakini misaada ya dharura nayo inatazama yule anayeweza kuokolewa. Mama mzee mwenye kanseri ya kizazi hayumo kwenye hesabu za dharura.

Dawa ya maumivu, na ilivyofika karibu yetu

Mwaka 1967 mganga mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders, alifungua mjini London nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya watu wasioweza kupona. Alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa jamii, kisha akasomea uganga. Alionyesha kwamba morfini ya kunywa, ikitolewa kwa saa bila kungoja mgonjwa aanze kulia, inatuliza maumivu na mtu anabaki na akili yake. Alisema pia kwamba maumivu si ya mwili tu: kuna ya moyo, ya familia, ya pesa na ya roho. Msomaji wa Masisi atatabasamu hapa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya lile swali, “Muzee, unataka tumuite nani?” Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi tatu: maumivu madogo parasetamoli na jamaa zake, ya kati dawa kama kodeini, makali morfini.

Utunzaji huu wenzetu wa Tanzania wanauita tiba shufaa. Katika Afrika ulianzia Harare mwaka 1979, ukafika Nairobi mwaka 1990. Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Kampala. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda akiwa na pesa ya miezi mitatu tu. Hakujenga hospitali kubwa. Wauguzi wake walienda nyumbani kwa wagonjwa. Morfini ilinunuliwa ikiwa unga, ikachanganywa na maji na dawa ya kuizuia isiharibike, ikawekwa rangi ili nguvu mbalimbali zisichanganywe, ikatiwa katika chupa. Dawa ikawa ya bei ndogo sana, na mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Kwa kuwa waganga walikuwa wachache, mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika morfini. Leo mgonjwa wa Uganda hailipii. Rwanda nayo ilitoa siasa yake ya taifa juu ya tiba hiyo mwaka 2011, na inachanganya morfini yake ya kunywa. Kutoka Goma mpaka Gisenyi ni kuvuka mpaka kwa miguu.

Katika nchi yetu kazi hii imeanza pole pole. Mjini Kinshasa shirika la Palliafamilli limekuwa likiifundisha na kuitetea. Lakini kutoka Kinshasa mpaka mlima wa Ngungu ni mbali. Na dunia yenyewe haigawi sawa: tume ya gazeti la kitabibu Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za morfini na dawa za jamii yake zilizogawiwa kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu 100 wanaohitaji tiba shufaa, 14 tu ndio wanaoipata.

Hofu zipo na zinafaa kujibiwa. Watu wanasema morfini inamfanya mtu kuwa mlevi wa dawa. Lakini mgonjwa wa kanseri anayepewa kipimo chake na muuguzi anayejua kazi, akianza na kidogo na kupandishwa taratibu, anatafuta nafuu, hatafuti ulevi. Wanasema inaharakisha kifo. Ikitolewa vizuri haifanyi hivyo, na mara nyingi mgonjwa anaanza tena kulala na kula. Ina taabu zake: inafunga choo, kwa hiyo inakwenda pamoja na dawa ya kulainisha, siku za kwanza inaweza kuleta kichefuchefu na usingizi. Ni dawa ya kuandikwa na kufuatwa, si ya kununua sokoni.

Na si morfini peke yake. Kidonda cha kanseri kinachonuka kinamfanya mgonjwa ajifiche na watoto wamkimbie. Vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa vikinyunyizwa juu yake, kwa maelekezo ya muuguzi, vinapunguza harufu hiyo sana. Kinywa kilichokauka kinasafishwa kwa maji yenye chumvi kidogo. Anayekosa pumzi anainuliwa, dirisha linafunguliwa, anapepewa. Mambo haya yanawezekana katika nyumba ya udongo.

Kinachowezekana kwetu

Mtu anaweza kusema: haya ni ya nchi zenye amani. Tukumbuke basi yale ambayo Kivu ilikwisha kufanya. Mashamba ya kinini yalipandwa huku tangu wakati wa Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kiliuza kwinini mpaka nje ya Afrika. Katika miaka ya 2000, vita vikiwa vimetoka tu kupita, kiwanda hichohicho kilianza kutengeneza dawa za sida, wakati watu wengi walidhani dawa hizo zitatoka Ulaya milele. Kuchanganya unga wa morfini na maji safi ni kazi ndogo kuliko hiyo. Kinachotakiwa ni ruhusa, mfamasia, kabati lenye kufuli, daftari, na wauguzi waliofundishwa.

Upande wetu sisi, watu wa vilima, kuna kazi isiyongoja serikali. Orodha za kipoyi zinaweza kuandikwa tena, hata pale watu walipohamia, kwa kufuata mtaa mpya, na kazi yake ikapanuliwa. Orodha isiishie kwenye kubeba mgonjwa kushuka ziwani. Iendelee siku ambayo amerudishwa: nani atalala kwake Jumatatu ili binti yake apate usingizi, nani atalima, nani atashuka kuchukua dawa. Nasema binti, kwa sababu kazi hii yote inaanguka juu ya wanawake, na mtunzaji aliyechoka anaanza kumchukia anayemtunza bila kutaka. Wanaume waliozoea kubeba siku moja wajifunze pia kukaa usiku mmoja.

Na siku ambayo muganga anaandika ruhusa, familia isiondoke kabla ya kuuliza maswali manne. Ugonjwa huu unaitwaje? Maumivu yakipanda tumpe nini, na saa ngapi? Ni dalili gani zitakuja, na tufanye nini kwa kila moja? Nani katika kituo cha karibu atatupokea? Jibu la swali la kwanza peke yake, likisemwa wazi mbele ya ukoo, linaweza kumwokoa jirani asisingiziwe karuho.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walikuwa na watu bila dawa. Sasa dawa imefika mpaka ng'ambo ya mpaka, na watu wametawanyika. Kizazi hiki kikiweza kuviweka viwili hivyo katika chumba kimoja, “wamemurudisha ku nyumba” yatakuwa maneno ya kuandaa kitanda, kuwasha moto na kupanga zamu.